Utunzaji wa Mapaa Bapa ya Majengo ya Vyama Katika Mwambao



Mkaguzi wa ushirika afikapo katika chama hupokewa kwa vitabu. Daftari la fedha taslimu hufunguliwa mbele yake, hati za malipo hupangwa kwa tarehe, na funguo za kasha huletwa. Ni nadra sana kwa mtu kumletea ngazi. Mimi pia nilikagua hesabu kwa miaka kadhaa bila kupanda juu ya paa la jengo lolote la chama, wala sikuona kuwa hilo ni upungufu katika kazi yangu.

Kilichonizindua ni jengo la chama kimoja katika mji wa pwani, ambacho sitakitaja. Lilikuwa jengo la kawaida: maduka manne yaliyopangishwa, ofisi ya chama nyuma yake, na juu paa bapa, yaani paa la zege lililolala kama sakafu. Kodi ya maduka yale ndiyo iliyolipa mshahara wa katibu na posho ya mlinzi. Nilipopitia hati za malipo nikaona kwamba malipo ya "kuziba paa" yalikuwa yamefanyika mara tatu katika muda wa miaka saba. Kila mara ulinunuliwa mchanga, ikanunuliwa saruji, akalipwa fundi. Stakabadhi zilikuwepo zote na jumla zilikuwa sahihi. Hata hivyo, juu ya meza ya katibu palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na maji.

Tuliomba ngazi kwa jirani tukapanda. Kwenye ukingo mmoja lipu ilikuwa imebanduka, na matabaka ya saruji yakaonekana yamelaliana, moja juu ya jingine, matatu kwa idadi, kila moja likiwa na unene wa sentimita 5 hivi. Nilikaa juu pale nikapiga hesabu kwa kalamu. Tabaka la saruji na mchanga lenye unene wa sentimita 5 huwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Paa lile lilikuwa na urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 200. Basi kila tabaka lilikuwa na uzito wa tani 20, na matatu kwa pamoja tani 60. Chama kilikuwa kimeegesha malori sita ya tani kumi, yakiwa yamejaa, juu ya vichwa vya wapangaji wake, na kimelipa fedha ili yaegeshwe. Paa lilikuwa likivuja vilevile.

Yafaa ieleweke kwa nini. Paa la zege halivuji kwa sababu ni jembamba. Huvuja kwa sababu maji yamesimama juu yake. Saruji haina mnyumbuko. Jua la mchana hulitanua paa, na mvua ya ghafla au ubaridi wa usiku hulisinyaza. Baada ya misimu michache nyufa nyembamba kama unywele hutokea, hata kama fundi alikuwa hodari. Maji yakipita juu ya ufa wa namna hiyo kwa kasi na kuondoka, madhara ni madogo. Yakikaa juu yake siku tatu, yatapata njia. Yule fundi aliyeitwa mara tatu aliongeza unene, lakini hakuongeza mwinamo, na kila tabaka jipya lilizidi kuziba matundu ya kutolea maji. Tundu moja tulilipata kwa kulitafuta kwa kijiti. Lilikuwa limefunikwa kwa saruji yote.

Sehemu kubwa ya mwambao wetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha katika masika, miezi ya Machi hadi Mei. Mvua ya milimita 50, ambayo katika masika si ajabu, humwaga lita 10,000 juu ya paa kama lile. Maji hayo yana uzito wa tani 10. Ama yataondoka kwa njia tuliyoyatengenezea, ama yatajitengenezea njia yao.

Lakini maji peke yake ni nusu ya habari. Adui wa pili wa paa la pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba chumvi hewani na kuilaza juu ya kila kitu, na maji yanayosimama juu ya paa huipeleka ndani ya zege mpaka kwenye nondo. Nondo iliyofikiwa na chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwa mwanzo. Kwa hiyo huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Ndipo mpangaji huona mstari wa rangi ya kahawia darini, halafu kipande cha zege huanguka. Katibu akiona mistari ya kahawia iliyonyooka, yenye kufuatana kwa nafasi sawasawa, asiite mpaka rangi. Hizo ni nondo zinazotoa taarifa. Agonge dari hapo kwa nyundo ndogo; pakilia kama mtungi mtupu, zege limekwisha kuachana na chuma. Watu waondolewe chini yake siku hiyohiyo, na aitwe mhandisi.

Kwa chama kinachotaka kujenga, hapana budi mambo haya yaandikwe katika mkataba, maana yasiyoandikwa hayadaiwi. Mwinamo wa paa uwe sentimita 2.5 kwa kila mita moja ya urefu, kuelekea kwenye matundu ya maji. Mafundi wengi watasema kwamba nusu ya hapo yatosha. Kwenye karatasi yatosha, lakini zege hulegea kidogo na mwiko hukosea kidogo, na mwinamo mdogo ukipungua hubaki dimbwi. Matundu yasipungue mawili hata kama paa ni dogo, ili moja likiziba lingine lifanye kazi. Tena liwepo tundu la dharura katika ukuta mfupi wa ukingoni, sentimita chache juu ya yale mengine, maji yake yamwagike mahali panapoonekana na kila mpita njia. Likitoa maji, kila mtu atajua kwamba yale ya chini yameziba.

Mchanga wa ufukoni usiingie katika zege lenye nondo, wala maji ya bahari, wala maji ya kisima chenye chumvi. Nalisema hili nikijua kwamba mchanga wa ufukoni hupatikana bure na ule wa mtoni hulipiwa lori. Chama kinachoweka akiba hapo huwa kimeinunua kutu mapema. Nondo zifunikwe kwa zege la unene wa sentimita 4 hadi 5 upande wa chini na wa juu, na katibu mwenyewe aende na futi kupima kabla zege halijamwagwa. Akikuta nondo zimelala juu ya mbao bila vipande vidogo vya saruji vya kuziinulia, azuie kazi. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50 wa saruji, maji yasizidi lita 22 hivi, pamoja na yale yaliyomo katika mchanga mbichi. Vibarua hupenda uji mwepesi kwa sababu husambaa upesi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani ya zege, na humo ndimo chumvi hupita. Baada ya kumwagwa, zege limwagiliwe na kufunikwa kwa magunia mabichi kwa siku 7 zisizopungua.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila saruji. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilikuwa na mapaa bapa ya mawe na chokaa yaliyolazwa juu ya boriti za mikoko, na sakafu hizo zilipigwapigwa kwa vipande vya miti kwa siku kadhaa mpaka zikashikamana. Kisha zilipakwa chokaa mara kwa mara. Mahali ambapo kupaka kuliachwa, maji yalifika kwenye ncha za boriti zilizomo ukutani, zikaoza, na paa likashuka pamoja na ukuta.

Juu ya zege na mwinamo wake hutandazwa utando wa lami. Zipo aina nyingi madukani siku hizi, za kupaka na za kutandika, nami sitamtangazia mfanyabiashara yeyote. Karatasi ya lami itandikwe katika siku za kiangazi, juu ya zege lililokauka kabisa. Likiwa na unyevu, jua litaugeuza kuwa mvuke, na karatasi itaota malengelenge yatakayopasuka kwa nyayo za mtu wa kwanza. Kazi ianzie mahali pa chini na kupanda kuelekea juu, ili kila karatasi ya juu ilalie ya chini kwa sentimita 10 au zaidi, kama makuti yanavyolaliana. Ukutani ipandishwe sentimita 15 na ncha yake ifichwe ndani ya lipu. Kuvuja kwingi nilikokuona mimi kulianzia kwenye kona hiyo ya paa na ukuta, wala si katikati. Ikamilishwe kwa rangi nyeupe au ya fedha iliyotengenezwa kwa ajili ya lami, maana lami nyeusi chini ya jua letu hukauka na kukatika mapema. Ukingo na pembe zibanwe kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa upepo huanza kuing'oa karatasi hapo. Wanaodhani kwamba pwani yetu haina tufani wakumbuke Lindi mwezi wa Aprili 1952, na Mafia tarehe 4 Mei 2024 ilipofikiwa na kimbunga Hidaya.

Kabla fundi hajalipwa, matundu yazibwe, paa lijazwe maji ya kina cha sentimita 2 au 3 mahali pa juu kuliko pote panapoweza kufikiwa bila kuzidi sentimita 5 pa chini, yaachwe kwa saa 24, na katibu apite chini na kurunzi. Sehemu ya malipo izuiwe mpaka masika moja yapite. Fundi anayeiamini kazi yake hatalikataa sharti hilo, ingawa atalinung'unikia.

Sasa nizungumzie vitu tunavyovipandisha wenyewe. Vyama vingi viliacha nondo za nguzo zimesimama juu ya paa kwa matumaini ya kuongeza ghorofa. Ghorofa haikuja, na nondo zile zimekuwa mirija ya kutu inayoteremka mpaka ndani ya nguzo. Kama ghorofa haimo katika makisio ya miaka michache ijayo, zisuguliwe, zipakwe uji wa saruji na kufunikwa kwa zege hafifu ambalo siku moja litabomolewa kwa urahisi. Matangi ya maji yawekwe juu ya kuta au nguzo, si katikati ya paa, kwa kuwa tangi la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani mbili. Na kampuni inapoomba kupanga paa ili isimamishe mnara au paneli za umeme wa jua, mkataba useme wazi nani atakayeziba kila tundu la skrubu na nani atakayelipa litakapovuja. Nimeona mkataba wa kurasa kumi na moja wenye neno "paa" mara moja tu, katika anwani.

Kazi ya matunzo yenyewe ni ndogo hata kuona haya kuieleza. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya masika na mwezi wa Septemba kabla ya vuli, mtu apande na ufagio, ndoo na kijiti. Aondoe majani ya mwembe, sindano za mvinje, na matagaa na nyaya za viota vya kunguru. Amwage ndoo ya maji katika kila tundu na kusikiliza kama inafika chini. Atazame kona za ukuta, malengelenge na nyufa. Kisha aandike katika daftari tarehe, alichokiona na jina lake. Baada ya mvua kubwa ya kwanza apande tena, achore kwa chaki mpaka wa kila dimbwi litakalokuwa bado limesimama siku ya pili. Mchoro huo utamwelekeza fundi vizuri kuliko maelezo ya mdomo.

Fedha za kazi hiyo ziwe na fungu lake katika makisio. Najua linalotokea kwenye mkutano mkuu: makisio yakizidi mapato, fungu la kwanza kufutwa ni la matengenezo, kwa kuwa paa halina kura. Chama nilichokitaja mwanzo kililifuta fungu hilo mwaka hadi mwaka, kisha kikalipa "kuziba paa" kutoka katika fungu la dharura. Wapangaji wawili walikwisha hama tulipopanda juu, na kodi yao ilikuwa nusu ya mapato ya jengo. Mhandisi aliyeitwa baadaye aliagiza matabaka yote matatu yabomolewe kwa mkono, kidogo kidogo, bila kurundika kifusi mahali pamoja, na maduka yakafungwa kwa muda wote huo. Wanachama waliuliza kwa nini hesabu zilizopitishwa kila mwaka hazikuwaonyesha hatari ile. Swali lao lilikuwa la haki, na sehemu ya jibu ilikuwa juu yangu.

Tangu hapo, nifikapo katika chama chenye paa bapa huomba daftari la paa pamoja na daftari la fedha. Makatibu watakaonitarajia msimu huu wahakikishe kwamba ngazi ipo, na kwamba ufunguo wa mlango wa juu uko kwa mtu anayejulikana.