Nywele za Nadhiri: Tukate au Tusikate?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya nywele. Labda yuko mzee aliyekwisha kunyoosha mkono azime redio, akisema, "Mchungaji amekosa la kuhubiri, sasa anatuhubiria habari za kinyozi." Twakuomba, mzee wetu, utuvumilie kidogo. Utaona kuwa jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa.

Katika parishi yetu yuko mama mmoja, mjane. Jina lake hatutalitaja, ila yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie habari zake. Kwa miaka 12 mama huyu hakutia mkasi kichwani. Nywele zake zilijisokota zikawa rasta, zikashuka mpaka chini ya kiuno. Siku ya ibada alizizungusha kichwani akazifunga kwa kitambaa kikubwa, hata ukimtazama kwa mbali ungedhani amejitwika mzigo. Watu walinong'ona. Wazee wawili wa kanisa walitujia, wakataka tumwambie anyoe au sivyo aondoke katika kwaya. Wakati huohuo muuguzi wa zahanati alimweleza kuwa uzito ule unamwumiza shingo, na kwamba nywele za kando ya paji la uso zimeanza kung'oka kwa kuvutwa.

Basi siku moja mama akaja kutuuliza, "Mchungaji, nikate au nisikate?" Tulikuwa tumesimama mlangoni, na mkutano mwingine unatungoja. Tukamjibu kwa haraka, "Mama, nywele ni nywele tu. Kata, upumzike." Akasema, "Asante, mchungaji," akaenda zake. Jumapili tatu hatukumwona kanisani.

Tulipokwenda kumtazama nyumbani kwake, ndipo tulipopata kujua. Mwanawe wa mwisho aliondoka nyumbani baada ya kugombana na baba yake. Hakuandika barua, wala hakupiga simu. Mama alipiga magoti kando ya kitanda, akamwahidi Mungu kuwa hatakata nywele zake mpaka kijana arudi. Baba amekwisha kufa, na kijana hajarudi. Mama akatuambia, "Ukiniambia nikate, mchungaji, unaniambia nimzike mwanangu naye yu hai."

Wapendwa, siku ile tulitahayari. Tulikuwa tumejibu swali la mkasi, na mama alikuwa ameuliza swali la mwanawe.

Tuanze na nywele zenyewe. Unywele unaouona juu ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala neva, ndiyo sababu ukikatwa huumii. Uhai uko chini, katika shina lililo ndani ya ngozi. Kwa wastani unywele hurefuka kiasi cha sentimeta 1 kwa mwezi, na kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Kila siku nywele 50 mpaka 100 hung'oka zenyewe, na hilo si ugonjwa. Lakini mtu mwenye rasta zile zilizong'oka hazianguki chini. Hushikwa na zenzake, zikabaki mle mle. Kwa hiyo ndani ya rasta ya miaka 12 mna nywele zilizokufa zamani sana, zimefungamana na zile zilizoota mwaka huu. Je, twashangaa mtu akiona kuwa kichwani pake amebeba miaka yake yote?

Hata sisi wa nchi hii twajua kuwa nywele husema neno. Katika jamii nyingi za magharibi ya Kenya, wafiwa hunyolewa baada ya mazishi, na kila anayewaona ajua kuwa wamefiwa. Kwa Wamaasai, moran hufuga nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu. Ikifika sherehe ya Eunoto, mama yake humnyoa. Vijana wenye nguvu, wasioogopa simba, wengine wao hulia siku ile, kwa maana ujana wao wa vita umekwisha.

Na wengi wenu mtakumbuka habari za Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Mashali katika jeshi la Mau Mau. Aliingia msituni miaka ya 1950, akatoka baada ya uhuru wa mwaka 1963, lakini nywele za msituni alibaki nazo. Zilikatwa tarehe 2 Aprili 2022, huko Nyeri, kwa mkono wa Mama Ngina Kenyatta. Watu wengi walibishana: wengine walifurahi, wengine wakauliza kwa nini zikatwe, na kwa nini zikatwe na huyo. Mwaka uliofuata, 2023, Muthoni alifariki. Wabishi wale hawakuwa wakigombania nywele, ila kumbukumbu ya vita na ya mashamba.

Sasa tuyafungue Maandiko. Katika Hesabu sura ya 6 twasoma sheria ya Mnadhiri, yaani mwanamume au mwanamke aliyejitenga kwa ajili ya Bwana kwa muda. Siku zote za nadhiri yake wembe haukupita kichwani pake. Twaomba muangalie mambo mawili katika sheria hiyo.

Kwanza, nadhiri ile ilikuwa na mwisho. Siku zake zilipotimia, Mnadhiri alikuja mlangoni pa hema ya kukutania, akanyoa kichwa chake, akazitia nywele katika moto uliokuwa chini ya sadaka ya amani. Kwa hiyo kunyoa hakukuwa aibu. Nywele zilizofugwa kwa ajili ya Mungu zilikatwa mbele za Mungu.

Pili, Musa alielezwa la kufanya ikiwa nadhiri itakatizwa na jambo asilolitaka mtu. Ikiwa mtu alikufa ghafula karibu na Mnadhiri, yeye alitiwa unajisi bila kosa lake. Afanyeje? Alinyoa kichwa siku ya 7, na siku ya 8 akaleta sadaka, kisha siku zake zikaanza kuhesabiwa upya. Tazameni neno hili. Sheria, ambayo twazoea kuiita kali, ilijua kuwa mambo hutokea. Ilimpa mtu njia ya kunyoa na kuanza tena, bila kumwambia, "Wewe ni mwongo, umemvunjia Mungu ahadi."

Labda utauliza, "Mbona Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa nywele ndefu ni fahari ya mwanamke, na ni aibu kwa mwanamume?" Ndiyo, aliandika hivyo, katika 1 Wakorintho 11, alipokuwa akitengeneza mambo ya heshima katika ibada ya mji ule. Lakini katika Matendo 18 twasoma kuwa Paulo huyohuyo alikata nywele zake huko Kenkrea, bandari ya Wakorintho, kwa sababu alikuwa na nadhiri. Basi naye aliwahi kuziacha ziote kwa ajili ya Mungu, na siku ikafika akazikata. Tusitwae mstari mmoja tukaufanya mkasi wa kuwakatia wengine.

Na hapa twataka kusema na wale wenye kunong'ona. Biblia yajua pia kunyoa kwa namna nyingine. Samsoni alinyolewa akiwa amelala, kwa mkono wa adui. Katika 2 Samweli 10, watumishi wa Daudi waliokwenda kuwafariji Waamoni walikamatwa wakanyolewa nusu ya ndevu. Daudi alipopata habari hakusema, "Ndevu ni ndevu tu, zitaota." Alituma watu wawalaki, akawaambia wakae Yeriko mpaka ndevu zao ziote, ndipo warudi. Mfalme alijua kuwa mtu akinyolewa pasipo hiari yake, aibu haiko katika ndevu, iko moyoni. Hata mahakama za nchi yetu zimeliona jambo hili. Mwaka 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kuwa haikuwa halali shule kumfukuza msichana wa dini ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake. Imani yake siyo yetu, lakini je, ikiwa hakimu ameona kuwa kichwa cha msichana hakinyolewi kwa nguvu, kanisa la Kristo litaona pungufu ya hapo?

Wala hatusemi kuwa kila nywele ndefu ni takatifu. Absalomu naye alikuwa na nywele nyingi. Alizikata kila mwaka kwa kuwa zilimlemea, akazipima, nazo zikawa shekeli 200, yaani zaidi ya kilo 2. Mtu apimaye nywele zake kwenye mizani ana neno jingine moyoni. Ikiwa nywele zako ni za kujionyesha, uwe mwanamume au mwanamke, hilo nalo ulijue kabla hujatuuliza habari za mkasi.

Basi mtu afanye nini? Tulirudi kwa yule mama, safari hii tukaketi. Tulimwambia, "Mama, tulikukosea. Hatutakuambia kata, wala hatutakuambia usikate. Tutakuuliza maswali, nawe umjibu Mungu."

Tulimwuliza, ulimwahidi Mungu nini hasa? Akafikiri, akasema, "Kumngoja mwanangu, na kutomsahau." Tukamwuliza, nywele ndizo zilizomngoja, au ni wewe? Tukamwuliza, ni nani anayetaka zikatwe: ni wewe, ni shingo yako, au ni midomo ya watu? Ikiwa ni midomo ya watu, usikate. Ikiwa mwili umechoka, basi mwili nao ni wa Mungu, naye hapendezwi na maumivu yako. Mwisho tukamwuliza, ukikata, utakata ukiwa na hofu, au utakata ukiomba?

Hatukumwambia kuwa nadhiri si kitu. Mhubiri atuonya katika sura ya 5 kuwa ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Lakini tulimwonyesha kuwa alikuwa amejifunga kwa nadhiri ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Mnadhiri alijua siku zake. Mama huyu hakujua zake, kwa kuwa zilimtegemea kijana ambaye hajui yuko wapi. Ninyi mnaotusikiliza, jihadharini na ahadi za namna hiyo. Mwahidi Mungu lile lililo mikononi mwako. Lililo mikononi mwa mwingine, mwombe Mungu.

Tulimwambia asiharakishe. Alikaa mwezi mzima. Kisha akatuma mjukuu na neno hili: "Nimeamua. Njoni Jumamosi."

Tulikwenda, sisi na mama mchungaji. Mke wa mwanawe mkubwa alichemsha maji, akaziosha nywele zile, jambo ambalo mama mwenyewe hakuliweza tena kwa sababu ya mabega. Tukaomba, na katika maombi yale jina la kijana likatajwa kwa sauti. Mama akaushika mkasi yeye mwenyewe, akakata rasta ya kwanza, kisha akampa mkwewe amalizie. Hakuna aliyesema neno. Rasta ile ya kwanza aliifunga katika kitambaa, akaiweka sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo cha mwanawe. Nyingine alizibeba jikoni akazitia motoni, sadaka yake, tukakumbuka moto ule wa Hesabu 6.

Kesho yake alikuja kanisani. Wengine hawakumtambua. Tulipomsalimu mlangoni alisema, "Mchungaji, kichwa chepesi. Lakini usiku nimeamka saa ile ile ya siku zote, nikamwombea." Hapo tukajua kuwa nadhiri haikukatwa.

Twapenda kuwaambieni kuwa kijana amerudi, lakini hajarudi. Mpaka leo tunapoyasema haya hajarudi. Kila Jumatano, katika maombi ya akina mama, jina lake hutajwa, na sasa halitajwi na mama peke yake. Zamani nadhiri ile aliibeba yeye tu, chini ya kitambaa, nasi tulikuwa tukiutazama mzigo tusiujue.

Bwana Yesu alisema kuwa hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Kama ni hivyo, zile zilizokatwa nazo alizihesabu, pamoja na usiku wa miaka ile 12. Basi wewe mwenye nywele za nadhiri, au za huzuni, au za kumbukumbu, usiogope kumwuliza Mungu. Ukizifuga, zifuge kwa ajili yake. Ukizikata, zikate mbele zake. Nasi tuliokaa karibu nawe, Mungu atupe masikio kabla ya kutupa mkasi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wajua ahadi tulizokuahidi tukiwa na machozi. Zile tuwezazo kuzitimiza, tupe nguvu. Zile zilizotushinda, tuonyeshe njia ya kuanza tena. Warudishe nyumbani wana waliopotea, na wale wanaowangoja uwatunze. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.