Kivinjari Chenye Mitandao ya Kijamii Ndani Yake

Mtoto ametumwa gulioni kununua chumvi. Njiani anakutana na jamaa zake. Anasimama, anawaamkia, anasikiliza habari za harusi na za bei ya kahawa. Jua linazama naye hajanunua chumvi. Jamaa hao hawakukosa, na huenda habari zao ni njema. Lakini chakula cha jioni kitaliwa bila chumvi. Katika somo hili tutajifunza juu ya chombo kinachoweza kumweka mtu katika hali kama hiyo.

Kivinjari ni nini?

Kivinjari ni programu ya kompyuta au ya simu, itumiwayo kutafuta na kuonyesha kurasa za intaneti. Kivinjari cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi.

Tuseme mkulima wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, anataka kujua namna ya kukinga migomba yake na ugonjwa wa mnyauko. Huandika swali lake katika kivinjari cha simu. Simu hulipeleka swali hilo kwa mawimbi ya redio hadi mnarani. Kutoka huko huweza kusafiri kwa mkongo, yaani nyuzi nyembamba za kioo zipitishazo nuru. Ndani ya nyuzi hizo nuru huenda kilometa zipatazo 200,000 kwa sekunde moja. Mwishowe swali hufika kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa. Seva hurudisha ukurasa vipande vipande, na kivinjari huvipanga vikasomeka.

Kuunganisha kivinjari na mitandao ya kijamii

Mitandao ya kijamii, kama vile Facebook na WhatsApp, ni njia za watu kupelekeana habari na picha kwa intaneti. Kwa kawaida mtu husoma ukurasa mahali pamoja, na habari za rafiki zake mahali pengine. Watengenezaji wengine waliona ni vyema kuviweka vyote pamoja. Mwaka 2005 kilitokea huko Marekani kivinjari kilichoitwa Flock. Mwaka 2010 kilifuata kingine, RockMelt, ambacho kilionyesha rafiki wa mtumiaji pembeni mwa kioo. Hapo mwanzo mtu hakuweza kukitumia bila kujitambulisha kwa jina lake la Facebook. Flock kilikoma mwaka 2011, na RockMelt mwaka 2013. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Mwaka 2017 kampuni ya Opera, yenye makao yake mjini Oslo, Norwei, iliweka WhatsApp, Messenger na Telegram pembeni mwa kivinjari chake cha kompyuta.

Faida na gharama

Kivinjari cha namna hii kina faida. Mkulima akipata ukurasa mzuri juu ya mnyauko, huweza kuwapelekea wenzake mara moja, wala hana haja ya kufungua programu nyingine.

Lakini kila faida ina gharama yake. Kwanza, programu iliyo pembeni huendelea kupokea ujumbe na picha hata mtu anaposoma jambo jingine. Kwa hiyo hutumia kifurushi cha intaneti na umeme wa betri. Pili, mtumiaji aliyejitambulisha anaweza kujulikana ni nani na amesoma nini. Kwa ajili ya kulinda habari kama hizo, Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Tatu, ujumbe unaoingia huvuta macho ya msomaji.

Je, tunawezaje kujua kama hasara hii ya tatu ni ya kweli? Mwanasayansi hakisii, hujaribu. Facebook haiwapokei watoto walio chini ya miaka 13, kwa hiyo sisi tutatumia karatasi badala ya simu.

Jaribio

Vifaa: kitabu cha kusoma, saa, penseli na vipande 10 vya karatasi.

Njia:
1. Gawanyeni wanafunzi katika makundi mawili yaliyo sawa, A na B.
2. Andikeni salamu fupi au kichekesho katika kila kipande cha karatasi.
3. Makundi yote mawili yasome kimya ukurasa mmoja ambao hayajausoma.
4. Kila nusu dakika, mwalimu ainue kipande kimoja mbele ya kundi B. Wanafunzi wa kundi hilo wakisome, kisha warudi kitabuni. Kundi A lisionyeshwe kitu.
5. Andikeni muda aliotumia kila mwanafunzi kumaliza ukurasa.
6. Mwalimu aulize maswali matano juu ya ukurasa huo. Hesabuni majibu yaliyo sahihi.
7. Badilishaneni makundi, mrudie jaribio kwa ukurasa mwingine wenye urefu ule ule.

Angalieni kwamba tumebadilisha kitu kimoja tu, yaani vipande vya karatasi. Kama tungebadilisha pia ukurasa au saa ya kusoma, tusingejua ni kipi kilicholeta tofauti. Tumebadilishana makundi kwa sababu huenda kundi moja lina wasomaji hodari zaidi.

Linganisheni muda na majibu ya makundi yote mawili. Akili inapohamishwa kutoka jambo moja hadi jingine, huhitaji muda kidogo kurudi mahali ilipokuwa.

Habari ipi tuiamini?

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani Kagera. Watu 9 walihesabiwa kuugua, na 6 kati yao walifariki. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Tuseme wakati huo mtu anasoma ukurasa wa Wizara ya Afya, unaoonya watu wasiguse damu wala majimaji ya mwili wa mgonjwa. Mara ujumbe wa rafiki unatokea pembeni: "Kunywa maji ya chumvi, hutaugua." Ukurasa na ujumbe viko katika kioo kimoja, lakini havina uzito mmoja. Maji ya chumvi hayazuii Marburg, na mwenye kuuamini ujumbe huo angeweza kumgusa mgonjwa bila hofu. Kivinjari hupanga maneno. Hakituambii lipi ni kweli. Kazi hiyo ni ya msomaji mwenyewe.

Maswali

1. Kivinjari ni nini? Eleza safari ya swali kutoka kwenye simu hadi kwenye seva.
2. Taja faida moja na gharama tatu za kivinjari chenye mitandao ya kijamii ndani yake.
3. Kwa nini katika jaribio letu makundi yote mawili yalisoma ukurasa mmoja?
4. Jirani yako amepata ujumbe juu ya dawa mpya ya mnyauko wa migomba. Mweleze mambo mawili ya kuuliza kabla hajaitumia.