Kwa Nini Maji ya Mbolea Huwa Baridi?

Mkulima anayeyeyusha mbolea ya urea katika ndoo huona jambo la ajabu. Maji aliyoyateka yakiwa vuguvugu kwa jua la mchana hugeuka baridi ghafula, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, ubavu wa ndoo hutoka jasho kama chupa iliyotolewa katika jokofu. Hakuna barafu iliyotiwa, wala upepo uliovuma.

Wengi wamezoea kinyume cha hayo. Mtengeneza sabuni atiapo kostiki soda katika maji, chombo huwa moto hata kisishikike. Basi, kwa nini kitu kimoja kitoe joto kinapoyeyuka na kingine kilimeze? Swali hili, lionekanalo kuwa dogo, liliwahi kuitikisa kanuni iliyoaminiwa na wanakemia mashuhuri wa Ulaya.

Mapato na matumizi

Katika fuwele ya kitu chochote, chembe zimeshikana kwa nguvu. Kuzitenganisha kwahitaji nishati. Hayo ndiyo matumizi. Zikisha kutengana, molekuli za maji huzizunguka na kuzivuta, na tendo hilo hutoa nishati. Hayo ndiyo mapato. Kwa kostiki soda, mapato huzidi matumizi, na ziada hutokea kama joto. Kwa urea, matumizi huzidi mapato, na upungufu hulipwa kwa joto lililomo katika maji yenyewe. Joto hilo halikupotea, bali limetumika kuzitenganisha chembe zilizokuwa zimeshikana.

Vitu havilingani katika deni hilo. Moli moja ya urea, yaani gramu 60, ikiyeyushwa katika maji mengi, humeza takriban kilojuli 15. Nitreti ya amonia, moli yake ikiwa gramu 80, humeza kilojuli 26. Shura, yaani nitreti ya potasiamu, moli yake ikiwa gramu 101, humeza kilojuli 35. Chumvi ya mezani nayo humeza joto, lakini ni kilojuli 4 tu kwa gramu 58; ndiyo maana mpishi hatambui kitu anapoikoroga.

Shura ya Akbar

Maarifa haya si mapya. Katika karne ya 16 Akbar alitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi, na mwandishi wake Abul Fazl alieleza katika kitabu kiitwacho Ain-i-Akbari jinsi maji ya kunywa ya mfalme yalivyopozwa. Maji yalitiwa katika chupa ya madini, ikazibwa mdomo, kisha ikazungushwa kwa muda wa robo saa ndani ya chombo chenye maji na shura. Maji ya kunywa hayakuchanganyika na shura. Joto lake lilipita katika ubavu wa chupa na kumezwa nje. Abul Fazl mwenyewe alitaja kwamba kitu kilekile kinachozaa moto wa baruti ndicho kilichozaa baridi.

Tena, maji ya shura yakikaushwa juani, shura huonekana tena, tayari kwa kazi ile ile. Hapo deni lililochukuliwa katika maji hulipwa na jua.

Kanuni iliyopingwa na kijiko

Mwaka 1854 Julius Thomsen wa Denmark alifikiri kwamba badiliko la kikemia lifanyikalo lenyewe ni lile litoalo joto. Marcellin Berthelot wa Ufaransa aliishika rai hiyo, akaieneza kama kanuni kuu katika kitabu chake cha mwaka 1879. Ilionekana kuwa na mantiki: jiwe huporomoka mlimani lenyewe, halipandi. Lakini kijiko cha shura kilikataa kutii. Huyeyuka chenyewe, bila kulazimishwa, na huku kikimeza joto.

Jibu lilipatikana kwa kutazama jambo la pili mbali na joto, nalo ni mtawanyiko. Wanafunzi waliopanga mistari asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, hutawanyika uwanjani. Hakuna aliyewahi kuwaona wakirudi mistarini kwa bahati tu, kwa kuwa namna za kutawanyika ni nyingi mno, na namna za kupangika ni chache. Chembe za fuwele ziingiapo majini zina hali hiyo. Kipimo cha mtawanyiko huu huitwa entropia, jina lililotungwa na Rudolf Clausius wa Ujerumani mwaka 1865. Josiah Willard Gibbs wa Marekani, kati ya mwaka 1876 na 1878, na Hermann von Helmholtz wa Ujerumani mwaka 1882, walionyesha kwamba joto na mtawanyiko sharti vipimwe pamoja. Urea hupata hasara katika joto, lakini faida yake katika mtawanyiko ni kubwa zaidi. Kwa hiyo huyeyuka.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na maabara yaweza kulithibitisha jambo hili. Huhitajiwa urea ya dukani, mizani, kipimajoto na kikombe cha plastiki. Gramu 100 za maji hutiwa kikombeni na halijoto yake kuandikwa. Kisha gramu 20 za urea hutiwa na kukorogwa upesi, na kipimo cha chini kabisa huandikwa.

Wanafunzi wakadirie jibu kabla ya kupima. Gramu 20 ni theluthi moja ya moli, nazo humeza kama juli 5,000. Mmumunyo wote ni gramu 120. Kama kila gramu yahitaji juli 4.2 kwa nyuzi moja, basi 5,000 ikigawanywa kwa 504 hutoa karibu nyuzi 10 za sentigredi. Maji ya nyuzi 28 yatashuka hadi karibu nyuzi 18. Wakipata upungufu mdogo kuliko huo, wajadili joto lililoingia kutoka kikombeni na hewani. Jaribio lirudiwe kwa chumvi ya mezani ili wajionee tofauti.

Mmumunyo huo usionjwe, na mikono ioshwe baadaye. Nitreti ya amonia isitumiwe badala ya urea. Tani 2,750 za kitu hicho, zilizohifadhiwa vibaya bandarini Beirut, zililipuka tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200.

Kikombe kimoja cha plastiki chatosha kuonyesha jambo lililowapita mabingwa wa zama zao: kitu hakihitaji kutoa joto ndipo kibadilike chenyewe. Mwanafunzi anayekishika kikombe hicho na kuhisi ubaridi wake ameugusa ukweli huo kwa mkono wake mwenyewe.