Unachaji Betri ya Nduthi Ndani ya Keja? Soma Hii Kabla Ulale

Buda, hebu imagine hii. Keja ni singo, kitanda hapa, jiko pale, na kando ya mlango kuna betri ya nduthi ya stima inachaji usiku mzima. Ushawahi jiuliza ndani kuna nini?

Kuna pande mbili, katikati utando wa plastiki mwembamba kushinda nywele, na maji ya kupitisha lithiamu. Tunaita maji tu, lakini yanashika moto vile petroli hushika. Ukichaji, lithiamu inavuka upande mmoja, ukitumia inarudi. Utando ukitoboka, pande zinagusana na mambo inaenda kombo. Mwaka wa 2016 Samsung waliitisha Note 7 zote juu ya betri kuwaka, hadi ndege zikazikataa.

Sasa noma yenyewe. Betri nyingi za nguvu zina nikeli na kobalti. Zikichemka sana, hayo madini yanaachilia oksijeni. Yaani moto unajitengenezea hewa yake, so kuufunika na blanketi ni kujisumbua.

Miaka ya 1990 huko Texas, maabara ya John Goodenough ilijaribu chuma na fosfeti badala yake. (Huyu mzee alipewa Nobel 2019 akiwa na miaka 97, na wewe unalia umezeeka na 26.) Fosfeti hushikilia oksijeni vile makanga hushikilia chenji yako: hata joto lipande, kuiachilia ni shida. Hakuna kobalti ndani, na unaweza ichaji maelfu ya mara kabla ichoke. Ubaya wake ni uzito, ndo maana kwa simu huipati sana.

Toyota nao wanapika betri haina maji kabisa, ndani ni kitu kigumu tupu. Wanasema magari yatatoka 2027 ama 2028. Wewe unanunua nduthi sai, so angalia stika. Tafuta LFP ama LiFePO4. Kama hazijaandikwa, soma volti: seli moja ya LFP ni 3.2, so betri nzima itasema kitu kama 12.8 ama 51.2. Zile za nikeli seli huwa 3.6 ama 3.7. Muuzaji akianza kukuzungusha, toka hapo.

Na hata LFP ikivimba, ama fundi akiiungaunga, inaweza toa moshi mbaya na kuwaka. Kwa hivyo itoe hapo mlangoni. Ikishika saa nane usiku, utapitia wapi?