UNASTAAFU NA KUHAMIA KIJIJINI: ULIZA KWANZA WATU WA HUKO WANAUGUA NINI

Wengi waliofanya kazi mijini kwa miaka mingi, Dar es Salaam, Tanga, Mwanza au Arusha, wana nia moja moyoni: kiinua mgongo kikitoka, wakajenge nyumba ya kiasi kijijini, wafuge kuku, walime mihogo na wafanye ibada kwa utulivu. Nia hiyo ni njema. Lakini hebu tazama jinsi watu wanavyochagua mahali. Mmoja anakwenda kwa sababu kiwanja ni cha bei nafuu, mwingine kwa kuwa ndiko alikozaliwa, wa tatu kaambiwa na rafiki yake kuwa huko upepo ni mzuri. Ni wachache mno wanaouliza: watu wa hapa wanaugua nini, wanakunywa maji gani, na mtu akizidiwa saa nane za usiku anapelekwa wapi?

Wapo watakaosema kwamba maradhi na mauti ni kadari ya Allah (s.w.), na kwamba kuulizauliza huko ni udhaifu wa imani. Hao warejee kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Alipokuwa safarini kwenda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurejea Madina. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari, Umar alimjibu kwamba wanaitoka kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine ni kavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia kwenye nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Basi nawe unateremka bondeni na familia yako. Tazama pande zote mbili.

Anza na maji. Usitosheke na kuambiwa kuwa maji yapo. Muulize mama mwenye nyumba, siyo mwenye kuuza kiwanja, maji hayo yanatoka wapi mwezi wa kiangazi na yana ladha gani. Katika vijiji vingi vya mwambao visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, na chumvi huzidi wakati wa kiangazi. Wewe una presha, daktari amekwambia upunguze chumvi kwenye mchuzi, kisha unahamia mahali ambapo chai yenyewe inapikwa kwa maji ya chumvi! Kama umepapenda mahali hapo kwa sababu nyingine, basi hesabu gharama ya mabati, mifereji ya paa na tangi la kuvunia maji ya mvua kabla hujahesabu gharama ya vigae.

Upande wa kaskazini tatizo ni jingine. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na yako maeneo, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki kule Arumeru, ambako kiwango hicho kimekuwa kikipitwa kwa mbali. Maji yenyewe huwa meupe, hayanuki wala hayana ladha mbaya. Dalili utaiona kwenye vinywa vya vijana waliokulia hapo: meno yana madoa ya kahawia. Hapa anayeumia zaidi siyo mstaafu mwenye meno yaliyokwisha kuota, bali ni mjukuu uliyekwenda naye, kwa maana meno ya kudumu hujijenga ndani ya fizi mpaka kwenye umri wa miaka 8 hivi. Maji hayo yakinywewa kwa wingi miaka mingi, mifupa na viungo navyo hudhurika, hata vya mtu mzima. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi inayobaki huwa kali zaidi. Njia moja inayotumika ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi. Peleka chupa ya maji ya kijiji hicho kwenye maabara ya maji ya mkoa upimiwe. Gharama yake si kitu ukilinganisha na bei ya nyumba.

Tatu ni maji ya kutawadhia. Fiqhi inatufundisha kuwa maji mengi ambayo rangi, ladha na harufu yake havijabadilika ni tohara. Hilo ni sahihi, lakini tohara ni jambo moja na usalama wa afya ni jambo jingine. Kandoni mwa Ziwa Victoria, kwenye mabwawa, kwenye mifereji ya mpunga na kwenye vijito vinavyokwenda polepole, huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo havihitaji kunywewa. Vinapenya kwenye ngozi katika dakika chache tu, mtu akiosha miguu au akioga. Ukikuta kijiji ambacho watu wanatawadha bwawani na watoto wanakojoa damu, umekwishapata jibu lako. Aliyekwisha kuhamia huko achote maji yasiyo na konokono, ayaache kwenye pipa lenye kifuniko kwa siku mbili kabla ya kuyatumia, kwani vimelea hivyo hufa vikikosa mwili wa kuingia. Kifuniko nacho ni muhimu, ama sivyo utakuwa unafuga mbu.

Ama kuhusu malaria, kuna udanganyifu mmoja. Mtu husema, "Mimi nimezaliwa Rufiji, mbu wa kule wananijua." Ndugu yangu, kinga ile aliyoipata mwili utotoni kwa kuumwa mara kwa mara hupungua mtu akikaa miaka mingi mahali penye malaria kidogo. Mjukuu aliyezaliwa mjini huenda hana hata hiyo kidogo, na mkweo mjamzito yumo hatarini zaidi. Kwa hiyo homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, na vyandarua vyenye dawa vitangulie kabla ya makochi.

Tukija kwenye matibabu, usihesabu kilomita, hesabu saa za safari wakati wa masika. Zahanati ya kijiji inatibu malaria na kuhara, lakini kiharusi, kuumwa na nyoka au uzazi uliokwama hutaka kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ingia zahanati uulize kwa adabu: dawa zangu za presha mnazo mwezi mzima, au kwa bahati? Mnapima sukari? Kadi yangu ya bima mnaipokea? Tena uliza mapema, ungali kazini, kama kadi hiyo itaendelea baada ya kustaafu na ni nani katika familia atabaki ndani yake. Anayejidunga insulini aangalie umeme. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu.

Kuhusu choo sitasema mengi, maana Mtume (s.a.w.) amekwisha tukataza kujisaidia kwenye njia za maji, barabarani na kwenye vivuli vya watu. Kiwe upande wa chini ya kisima, umbali wa mita 30 au zaidi, na kwa mzee mwenye magoti mabovu weka cha kukaa au nguzo ya kushikia ukutani. Wazee wengi huvunjika nyonga wakitoka usiku.

Mwisho, kabla ya kulipia kiwanja, kodi chumba hapo kijijini wiki tatu wakati wa masika, uende na mama watoto. Yeye ndiye atakayechota maji na kuuguza. Chukueni na dawa zenu za mwezi mmoja. Kama mama hakutaka kurudi huko mara ya pili, kiwanja bado hujakinunua.