SOMO LA REDIO: PUNDA ANAKULA, MBONA ANAKONDA?

Leo tutasoma habari za punda.

Farasi ni wachache katika nchi yetu, kwa sababu nagana, ugonjwa uletwao na ndorobo, na maradhi mengine huwaua. Kwa hiyo huku Shinyanga na Geita kazi ya farasi hufanywa na punda. Yeye huleta maji kutoka lamboni, kuni na magunia ya mahindi.

Pengine punda anakula vizuri, lakini mbavu zake zinahesabika, manyoya yamesimama, na anachoka njiani. Mwenyewe husema, “Mvivu huyu!” Kisha humchapa. Ndugu zangu, huenda si uvivu. Huenda ni minyoo.

Minyoo hukaa ndani ya matumbo. Wengine hunyonya damu. Hutaga mayai mengi, nayo hutoka pamoja na mavi. Wakati wa mvua mayai huanguliwa, na minyoo wachanga, wasioonekana kwa macho, hupanda juu ya majani. Punda hula majani hayo. Baadhi ya minyoo hujificha katika ukuta wa utumbo kwa miezi mingi. Wakitoka kwa pamoja, punda huharisha, hukonda upesi, na aweza kufa.

Huo ndio mzunguko: tumbo, mavi, majani, tumbo. Tutaukataje?

Kwanza, zoeni mavi zizini mara mbili kwa juma. Yarundikeni mbali na malisho. Joto la rundo huua minyoo wachanga, na baadaye mtapata samadi njema.

Pili, mwekeeni chakula horini, si chini.

Tatu, mwiteni Bwana Mifugo. Dawa hupimwa kwa uzito wa punda. Dawa pungufu haiwamalizi minyoo. Wanaobaki huzaa wengine wasioweza kuuawa na dawa hiyo. Msimpe dawa ya ng'ombe kwa kukisia.

Lakini si kila punda aliyekonda ana minyoo. Akitafuna majani na kuyadondosha, huenda meno ni mabaya. Akilishwa penye ndorobo, huenda ana nagana. Bwana Mifugo atampima mavi na damu.

Wazee walisema, “Punda afe, mzigo wa bwana ufike.” Je, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Ni mama na watoto, kwa vichwa vyao. Na mtoto aliye lamboni hayuko darasani.

Maswali ya kuzungumza:
1. Mayai ya minyoo hutokaje tumboni?
2. Kwa nini dawa pungufu ni hatari?
3. Nani huzoa mavi ya punda nyumbani kwako?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.