Kuitambua Hitilafu ya Kompyuta na Intaneti Nyumbani

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaotumia kompyuta majumbani wanakumbushwa kuwa hitilafu isiyojulikana chanzo chake huleta hasara mbili: fedha anazolipwa fundi bila ya haja, na nyaraka zinazopotea wakati wa kubahatisha. Inashauriwa kukagua jambo moja baada ya jingine, kwa utaratibu ufuatao.

UMEME. Kompyuta isipowaka kabisa, kwanza ichomekwe taa katika soketi hiyo hiyo. Taa ikiwaka, ujaribiwe waya mwengine wa kompyuta kabla ya kuilaumu mashine. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe mpaka umeme utulie, kwani mshindo wa kurejea kwake huweza kuunguza vyombo.

MASHINE. Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, huenda kasoro ni ya skrini au waya wake. Ijaribiwe skrini nyengine. Ikishindikana, memori iliyolegea, au iliyoingia kutu kwa hewa ya chumvi, nayo ishukiwe. Tarehe inayorudi nyuma kila mashine inapozimwa ni dalili kuwa betri ndogo ya volti 3 iliyomo ndani imekwisha. Na tarehe isipokuwa sahihi, tovuti nyingi hukataa kufunguka, mtu akadhani intaneti ni mbovu.

Dalili isiyopaswa kupuuzwa ni diski inayogonga au kukwaruza. Mashine hiyo isizimwe na kuwashwa mara kwa mara kwa kujaribu. Zinakiliwe kwanza nyaraka muhimu, zikiwa bado zinasomeka. Ikiwa hazisomeki, izimwe na ipelekwe kwa mtaalamu. Kompyuta hununuliwa nyengine, lakini nyaraka zisizo na nakala hazinunuliki.

INTANETI. Simu ikipata intaneti kupitia ruta ile ile, basi kasoro imo katika kompyuta. Vyombo vyote vikikosa, ruta izimwe kwa nusu dakika kisha iwashwe. Anwani ya kompyuta inayoanza na 169.254 ina maana kuwa kompyuta haikupewa anwani na ruta. Mawimbi yakidhoofika chumbani, kompyuta isogezwe karibu na ruta, kwani kuta nene za mawe huyazuia, na yale ya gigahezi 5 huzuilika zaidi kuliko ya 2.4.

Ikiwa ruta ni nzima na majirani nao hawapati, chanzo kiko nje ya nyumba. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani. Hapana ukarabati wa nyumbani ambao ungelisaidia.

Anayelazimika kumwita fundi aandike saa tatizo lilipoanza, maneno yaliyotokea kwenye skrini na yote aliyokwisha kuyajaribu. Maelezo hayo humpunguzia fundi kazi, na humpunguzia mwenye mashine gharama.